Sakafu Nyekundu ya Uani

3 Februari

Wee Kiherehere,

Nani alikutuma? Nakuuliza kabla ya salamu. Salamu zitakuja, hazina miguu ya kukimbia. Nani alikutuma unitumie yule mwanamume wa miwani myeusi aje kunipimia nyumba kama anapima maiti? Nafungua mlango asubuhi, nakuta mtu kasimama uani kwangu na viatu vyake, anauelekezea simu ukuta wangu. Nikamwambia karibu. Akaniambia, "Subiri kidogo mama, napiga picha." Nasubirishwa! Nyumbani kwangu!

Alipomaliza akasema nyumba yote ivunjwe, ijengwe upya, na kwamba yeye na mjukuu wangu wameshaongea. Ukuta hakuugusa hata kwa ncha ya kidole. Mwanangu, hata mganga wa uongo hukushika mkono kwanza. Nikamwonyesha njia aliyojia.

Haya, sasa hujambo? Mumeo hajambo? Mimi mzima, isipokuwa goti ambalo ni goti tangu zamani. Paka amezalia kwenye kapu la nguo zangu safi, kana kwamba hakuna kapu jingine duniani. Sakafu uliyonijengea uani mwaka jana inang'aa, naiosha kila asubuhi. Juzi jirani wa upande wa juu kaja kuomba chumvi, kasimama pale karibu saa nzima, chumvi kaisahau. Anaitazama tu ile sementi nyekundu. Nikamwambia, mjukuu wangu ndiye aliyenitoa matopeni.

Sasa neno lenyewe. Ni kweli chumba cha nyuma kina ufa. Aliyekuambia ni shangazi yako, maana kile kinywa chake hakijawahi kuwa na komeo. Ufa unaingia kidole. Na usiniandikie ile methali ya ufa na ukuta, naijua tangu baba yako hajazaliwa. Ufa nimeuziba, ukafunguka. Nimeuziba tena, ukafunguka pembeni, kama unanicheka.

Lakini hii ni nyumba ya babu yako. Matofali haya yeye aliyafyatua, mimi niliyabeba. Haivunjwi kwa picha. Fundi nitamtafuta mwenyewe. Na usinipigie simu juu ya jambo hili. Kwenye simu unasema mbio mbio, ukikata nabaki na "haya, haya" mdomoni. Niandikie. Nilijifunza kusoma nikiwa na mvi, na sikujifunza ili nisome vichupa vya dawa tu.

Bibi yako


19 Februari

Shikamoo Bibi, mke mwenzangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, ndivyo ilivyonitisha. Nisamehe. Yule mkandarasi alisifiwa na mwenzangu wa kiwandani, nikaona nikuondolee usumbufu. Sikujua kama atakuja na viatu.

Sisi hatujambo. Mume wangu anakusalimu, anasema ukimtuma chochote atakifanya, lakini asije akatumwa kuchagua fundi. Kiwandani tumeingia msimu wa mablanketi mazito. Nikitoka zamu nywele ni nyeupe kwa nyuzi za pamba. Ungeniona ungesema nimekupita kwa umri.

Bibi, nakubali utafute mwenyewe. Ila nakuomba kwa heshima zote: usichukue wa kwanza atakayekuja, usichukue wa rahisi kwa sababu ni rahisi, na umtake aonyeshe kazi aliyowahi kufanya. Makubaliano yaandikwe. Watu wanalia huku mjini. Fundi anabomoa, anaondoka, simu haipatikani, mwenye nyumba anabaki na shimo.

Na kingine. Chumba cha nyuma kina unyevu? Ukuta ukiushika mkono unabaki mkavu? Na kati ya mlango na dirisha panaweza kukaa kitanda kidogo? Nauliza tu.

Mjukuu wako,
Kiherehere


8 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mwambie mumeo nimemsikia, na kwa adabu hiyo atakula vizuri akija. Watoto wa paka wamefumbua macho. Shangazi yako kaja, kakaa, kaondoka na sufuria yangu.

Umeniuliza unyevu. Chumba kikavu kama ulimi wa mlevi asubuhi. Kitanda kidogo kitakaa. Cha nani? Mimi pia nauliza tu.

Sasa mafundi. Wa kwanza nimempa jina la Bwana Ndiyo. Utaanza kesho? Ndiyo. Utamaliza kabla ya mvua kubwa? Ndiyo. Nikamwuliza, unaweza kunijengea ghorofa juu ya choo? "Ndiyo bibi, ni wewe tu." Nikampa maji akanywa, nikamsindikiza. Mtu asiyejua neno hapana atakujengea kila kitu isipokuwa nyumba.

Wa pili aliingia akauona ukuta akachekea puani. "Nani alikufanyia kitu hiki?" Nikamwambia, marehemu mume wangu. Hakuona haya, aliendelea: sijui kona imekwenda upande, sijui siku hizi hatujengi hivi. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwambia, baba, mlango wa huyo huyo asiyejua kujenga ndio huo, na unafunga vizuri, toka nikuonyeshe.

Wa tatu nilimsikia kabla sijamwona. Anaitwa Fundi Kasuku, na jina limemkaa kama ngozi. Toka barabarani anaongea, anafika anaongea, anavua viatu anaongea. Kajisifu mpaka nikachoka kwa niaba yake. Shati jeupe, limepigwa pasi, kama anakwenda kuoa. Nikasema moyoni, huyu naye ni redio. Kisha akaomba kikombe cha maji. Nikadhani kiu. Akayamwaga sakafuni katikati ya chumba!

"Wee, una wazimu?" nikamwambia.

"Bibi, ngoja uone yanakwenda kwa nani," akasema.

Maji yakatambaa yenyewe, taratibu, yakaenda moja kwa moja chini ya ukuta wenye ufa. Kama yameitwa. Mimi nimeishi humu miaka yote na sijawahi kuona sakafu yangu imeinama. Akaninong'oneza, naye mtu asiyejua kunong'ona: "Ukuta haupasuki, bibi. Ukuta unakaa chini. Kuna kitu huko chini kimeuchosha."

Lakini mimi sichukuliwi na kikombe cha maji. Sikia sasa jinsi mtu anavyochagua fundi, ukatumie huko mjini kwenu. Usiwaulize watu aliowafurahisha, hao ni marafiki zake. Mtafute mtu aliyegombana naye. Nikaulizia, nikaambiwa yupo mama mshonaji, walitukanana mpaka mtaa ukafunga madirisha. Nikaenda. Kusikia tu jina, mama wa watu akaiacha cherehani.

"Kasuku? Usinitajie Kasuku! Nilitaka dirisha kubwa, langu, kwa pesa yangu. Kakataa! Kaniambia ukuta hautabeba, nikitaka dirisha hilo nimtafute muuaji, si fundi. Mpaka leo hatusalimiani."

"Pole mwanangu. Na nyumba?"

"Nyumba gani?"

"Hii aliyokujengea."

Akaangalia juu, akaangalia pembeni, kama ndiyo kwanza anaiona. "Nyumba? Aa, nyumba haina neno."

Nikapapasa ukuta wake kwa kiganja, nikarudi nyumbani nikamwita Kasuku. Makubaliano tumeandika, yeye ndiye aliyetaka. Kasema, "Bibi, mimi naongea sana, kwa hiyo niandike, nisije nikajisahau."

Bibi yako


22 Machi

Shikamoo Bibi,

Nimecheka mpaka mkuu wangu wa kazi akaja kuniuliza kuna nini. Hiyo ya kumtafuta mtu aliyegombana naye nimewaambia wenzangu wote wa zamu, na mmoja anasema angejua hivyo asingeolewa.

Haya, Kasuku basi. Lakini Bibi, mtu anayeongea sana mimi namwogopa. Mwangalie. Kazi isisimame hata siku moja, maana mvua haziko mbali, na mimi ningependa chumba kiwe tayari kufikia mwezi wa sita hivi. Nitaeleza wakati ukifika.

Habari ya unyevu umenijibu kwa mzaha. Naomba unijibu kwa kweli. Mume wangu anaumwa mafua kidogo, si kitu. Mimi mzima, nachoka tu.

Mjukuu wako


9 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mafua ya mumeo ayafukize. Na wewe ukichoka kaa chini, blanketi halitapiga kelele.

Nataka nikuandikie nililoliona, sijui kama penseli hii inalijua. Kasuku kaja na watu wake, wakachimba kando ya ukuta wa nyuma. Kisha akasema ukuta wote utoke. Nikamwuliza, na paa? Akasema, "Paa litatusubiri juu."

Mjukuu wangu, lilisubiri. Walisimamisha magogo manene chini ya boriti, wakatia jeki za lori, wakawa wanazungusha pole pole, huyu hapa, huyu pale, na Kasuku katikati anaimba hesabu yake kama anabembeleza mtoto. Mabati yakalia mara moja. Nikaona mwanga umepita kati ya ukuta na paa, mwembamba kama uzi wa sindano. Paa limenyanyuka! Lile paa ambalo babu yako na wenzake walilipandisha kwa kamba na matusi, limenyanyuliwa na watu wanaotafuna miwa. Kisha wakauondoa ukuta, tofali kwa tofali, wakayapanga pembeni, hawakuvunja hata moja. Nimesimama mlangoni mwa chumba changu naangalia kitanda changu, na nyuma ya kitanda hakuna kitu. Mbingu. Mteremko wa juu na nyumba ya jirani na nguo zake kwenye kamba, vyote vimeingia chumbani. Na nyumba imesimama! Nikashika mlango, nikasema jina la Mungu, sikuwa na jingine.

Chini ya msingi tumekuta kitu. Sitakuandikia leo.

Kazi imesimama kidogo. Siyo mambo ya kuuliza. Mimi nalala ukumbini, kuna hewa nzuri. Sakafu yako ya uani inang'aa, wajenzi wote nimewavua viatu.

Bibi yako


24 Aprili

Shikamoo Bibi,

Leo nakuandikia nikiwa na hasira, unisamehe mapema.

Shangazi kanipigia. Anasema nyumba haina ukuta tangu mwanzo wa mwezi. Anasema umelala ukumbini kwenye mkeka, turubai linapigwa na upepo, mawingu yamejaa, na huyo Fundi Kasuku wako anakuja kila asubuhi, anazikagua zile nguzo, anakaa kwenye tofali, anaondoka. Hajengi! Hicho ndicho nilichokuonya, Bibi. Kabomoa, sasa anakuchezea.

Nikaitafuta namba yake kwa shangazi, nikampigia. Sikumbakizia kitu. Nilimwita mwizi, nilimwita tapeli wa vizee. Nilimwambia kama bibi yangu ataangukiwa na paa, atanijua mimi ni nani. Nilidhani atabisha, si umesema anaongea? Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Ni kweli dada. Nimechelewa mimi. Nisamehe." Basi. Hakuongeza neno. Mtu mwenye haki yake angejitetea, Bibi. Kwa hiyo kakiri mwenyewe.

Nakuomba umfukuze. Nitamtuma mwingine wiki hii hii, awe wa miwani au asiwe wa miwani. Nakihitaji kile chumba, Bibi. Siwezi kukueleza kwa nini, lakini nakihitaji kikavu.

Mjukuu wako


4 Mei

Mjukuu wangu,

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaifungua tena. Pale kwenye maneno ya Kasuku nilirudia mpaka shangazi yako akaniuliza kama nimesahau kusoma.

Ulimwita mwizi, naye akasema nimechelewa mimi? Kasuku? Mtu ambaye akijikwaa hulitukana jiwe robo saa? Na asubuhi yake alikuja hapa kama kawaida, akakagua nguzo, akanisimulia habari za harusi ya mpwa wake tangu mwanzo hadi vyombo kuoshwa. Wewe hakukutaja. Sikujua lolote.

Sasa kaa chini. Umekaa? Nakwambia kilichoko chini.

Walipochimba walikuta ardhi imelowa kama uji. Wakafuata ule unyevu kwa koleo, kisha Kasuku akatupa koleo akaanza kuchimba kwa mikono, na shati lake la pasi. Akaniita. Nikateremka shimoni na goti langu. Mwanangu! Chini ya nyumba yangu kuna mfereji. Wa mawe. Umeanzia upande wa mteremko, umepita chini ya chumba ninacholala, unaelekea uani. Mawe yamelazwa moja juu ya jingine bila sementi, yameshikana kama meno ya mtu mwenye afya. Wembe hauingii. Nikaweka mkono, jiwe laini, limesuguliwa. Nani kasugua jiwe ambalo hakuna atakayeliona? Mume wetu. Kumbe yale maji ya mteremkoni, ambayo majirani wote wanapigana nayo kila mvua, yeye hakupigana nayo. Aliyapa njia. Nikakumbuka alivyokuwa akirudi na mikono imechubuka, namwuliza unajenga nini huko chini siku zote hizo, ananiambia nyumba. Nikamgombeza kwa uvivu. Nimelala juu ya kazi yake maisha yangu yote, nikiota ndoto zangu, na maji yanapita chini ya mto wangu bila kuniamsha.

Sasa kwa nini yaliacha kupita? Kasuku aliufuata mfereji mpaka ukuta wa nje, akasimama, akaniangalia, akaangalia uani. Nami nikaelewa kabla hajasema.

"Bibi, mdomo wa mfereji uko chini ya hii sakafu nyekundu. Walioimwaga waliuziba. Maji hayana pa kutokea, yanakaa chini ya ukuta. Lazima tuivunje."

"Huivunji."

"Tukijenga ukuta juu ya uji, mwakani utakuwa na ufa mwingine."

"Nimesema huivunji. Hii ni zawadi."

"Bibi, maji hayajui kama ni zawadi."

"Mimi najua."

Akanitazama. Nikamwambia zawadi haivunjwi bila kauli ya aliyeitoa, na aliyeitoa ni mtoto aliyevuta nyuzi za pamba kifuani ili mimi nisikanyage tope, na wewe Kasuku ukimwambia yeyote, hata shangazi yake, hata jiwe, sitakusamehe. Akasema, "Basi mwandikie yeye." Nikasema nitaandika. Nikakuandikia habari za jeki.

Ndivyo nilivyokuficha. Chumba si kikavu. Kimelowa tangu mvua zilizopita, godoro nimelianika mara nyingi juu ya sakafu yako hiyo hiyo. Niliona aibu, si yangu, yako. Nilisema mtoto akijua kwamba kitu alichonipa kwa moyo wote ndicho kinachoiangusha nyumba ya babu yake, atakosa usingizi huko ugenini. Nikaona afadhali paa likae hewani.

Fundi alitunza siri yangu mpaka akavaa jina la mwizi. Mtu wa domo lile! Nimemtafuta mwaminifu kwa kuuliza wagomvi wake, kumbe nilikuwa bado sijamwona.

Sasa nipe kauli yako. Mawingu yameshuka mpaka kwenye paa la jirani. Na mwezi wa sita una nini?

Bibi yako


15 Mei

Bibi,

Vunja. Yote. Vunja leo, barua hii ikifika mkononi mwako mwite Fundi kabla hujaimaliza. Ningepiga simu, lakini ulikataza, na safari hii nataka ukiwa na neno langu ulishike mkononi. Hata hivyo barua nampa dereva wa lori la kiwanda anayepita huko, haitakwenda kwa posta.

Nimelia, halafu nikacheka, halafu nikamweleza mume wangu, naye akaniuliza swali moja tu: "Sasa yule fundi utamtazama vipi?"

Bibi, nami nimekuficha. Natarajia mtoto. Mwezi wa sita nitakuwa na miezi saba, kiwanda kimenipa ruhusa, na nilitaka nije nikae kwako, nijifungue ukiwa karibu. Sikusema kwa sababu ile mara ya kwanza niliwahi kusema, ukashona vifuko vya mto mdogo, kisha nikakuletea habari ile nyingine. Sikuweza kukushonesha tena bure. Nikawa nauliza unyevu.

Mjukuu wako


2 Juni

Mke mwenzangu,

Unadhani mimi ni mtoto wa jana? Mtu mzima anauliza unyevu mara tatu na kitanda kidogo mara moja, nisijue? Vifuko vya mto viko sandukuni, sikuvitupa. Sikusema kwa sababu hukusema.

Hatujambo. Paka kagawa watoto wake mtaani. Sufuria imerudi, mfuniko bado uko kwa shangazi yako.

Sasa sikia. Dereva alileta barua wiki mbili zilizopita, asubuhi. Nikamwita Kasuku, nikamsomea ile "Vunja" kwa sauti, mbele ya watu wake. Akachukua sururu, kisha akanipa mimi. "Wewe kwanza, bibi." Nikapiga. Haikupasuka, nikapiga tena nikiitukana, ikatoa alama kama kucha. Ndipo wakaingia wao. Sikutazama mwanzo. Nilisikiliza tu, na kila pigo nililisikia kwenye meno.

Halafu kelele zikakoma. Nikageuka. Chini ya sementi, chini ya kifusi, palikuwa na jiwe moja kubwa, limechongwa mbele kama mdomo wa birika. Lina michirizi ya tindo, na ukingo wake umesuguliwa mpaka unang'aa. Kasuku akalipigia magoti, akatoa udongo mdomoni mwake kwa vidole, kama mtu anayemtoa mtoto mchanga ute. Akaingiza mkono mpaka kwapani. Akavuta. Likatoka donge la sementi, kubwa kama kichwa.

Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha nyumba ikavuta pumzi. Nasema nilichosikia, usinibishie. Ikavuta pumzi kule ndani, chini ya chumba, na yakaja. Yakaja meusi, yananuka uozo wa mwaka mzima, yakaja ya udongo, yakaja mekundu. Tumesimama tu, mashati yamerukiwa na matope, hakuna aliyesogea. Kisha yakaanza kubadilika mbele ya macho yetu, yakawa kama chai, yakawa kama maji ya mchele, mpaka nikaliona jiwe kupitia maji. Safi. Yakamiminika kutoka ule mdomo kwa mkunjo mmoja, bila kurusha tone, kama mtu aliyemimina maisha yake yote na hajasahau.

Jirani wa juu alikuwepo, mdomo wazi. Yule mama mshonaji kaja kwa umbea, kasimama karibu na Kasuku na hawakukumbuka kwamba hawasalimiani. Na Kasuku, mwanangu, Kasuku alinyamaza. Kavua kofia. Neno halikutoka. Nadhani ni mara ya kwanza tangu azaliwe. Ndipo akasema pole pole, "Bibi, huyu mzee ningependa kufanya naye kazi."

Nikamjibu, "Umeshafanya."

Usiku wa kuamkia jana mvua kubwa ilinyesha. Nyumba za watu zimelowa. Mimi nilikaa kitandani nasikiliza yakipita chini yangu kuelekea uani, na kwa mara ya kwanza tangu mume wetu aondoke sikuona kama niko peke yangu chumbani.

Ukuta umeshapanda kwa matofali yale yale. Wiki ijayo lipu. Uani hapatakuwa na tope, Kasuku anapanga mawe mapana, maji yatapita kati yake. Na sakafu yako sikuitupa yote. Kipande kimoja kizuri, chekundu, kilichotoka kizima, tumekilaza kizingitini mwa chumba cha nyuma. Huyo anayekuja atakikanyaga kila akiingia, na nitamwambia mama yake alikinunua kwa nyuzi za pamba.

Sasa amri. Usibebe mzigo mzito, mumeo ana mikono. Usije na mtu wa picha. Ukishuka kwenye gari usiingie ndani, usininyanyulie mikono, usiseme umechoka. Begi mwachie mumeo getini. Nenda kwanza kwa Fundi Kasuku, utamsikia kabla hujamwona. Simama mbele yake akutazame usoni, umwombe radhi kwa mdomo wako mwenyewe, na umsikilize mpaka amalize kuongea, hata jua likizama. Kisha ndipo uje nikuonyeshe maji.

Bibi yako